Mama Semina na Viti Vyangu

Alizaliwa wapi sijui, na wazee wake sikuwajua. Mwenye hamu ya nasaba amuulize mwenyewe. Atarudi na habari za kuku wake. Mimi nilimjua kwa njia ya viti.

Ninakodisha viti vya plastiki hapa nyumbani Buyenzi. Ni vya kijani, na chini ya kila kimoja nimepaka doa jekundu ili visihamie kwa watu. Harusi, matanga, maulidi, ubatizo wa majirani zetu Wakristo, kote huko watu wanakalia viti vyangu. Mimi mwenyewe nakaa kibarazani tu. Viti hivyo vimeiona Bujumbura kuliko mimi. Vimefika Kigobe, kwenye nyumba ambazo hata majani yake yananyolewa. Vimefika Gatumba vikarudi na matope ya mafuriko. Vimefika Ruziba vikarudi vinanuka ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mimi nikivuka mtaa wa pili nashikwa na kitu kama homa. Marehemu mama alikuwa akisema watoto wengine huzaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na mizizi. Sekondari nilimaliza, na elimu yote hiyo imenisaidia kupanga viti katika safu iliyonyooka.

Basi yeye alikuwa mteja. Kazi yake ilikuwa kusema. Leo anaitwa kwenye ghala ambalo wafanyakazi hawaongei, kesho kwenye shule ambayo watoto wamewashinda walimu, keshokutwa kwa wanawake wanaopigwa nyumbani. Mtaa ukamwita Mama Semina, na mimi akaniita Papa Viti, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba sina umri wa kuitwa hivyo.

"Umri hauna," alijibu. "Lakini matako ya uzee unayo. Haubandukake hapo kwenye baraza."

Alikuwa mfupi, bega moja juu kidogo kuliko jingine, na mkoba mkubwa ambao sikuwahi kuona akitoa kitu ndani yake. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ndogo, hata watu walilazimika kuinama ili wamsikie. Nilikuwa na kipaza sauti cha kukodisha, nikampa bure, akakikataa.

"Chukua, Mama. Watu wa nyuma hawatakusikia."

"Wa nyuma watasogea. Mwanamuke aliyezoea kupigwa, ukimupazia sauti anafikiri bwana wake amerudi."

Yote aliyoyafanya huko nje niliyapata kwa Kabwe, mtu wa Uvira anayesukuma mkokoteni wa viti vyangu. Kabwe hupeleka viti, hubaki kuvilinda, kisha hurudi navyo pamoja na habari, na habari huwa nzito kuliko viti. Nilikuwa nikimsubiri kama wengine wanavyosubiri taarifa ya redioni, huku nikijifanya nimekaa pale kuhesabu viti.

Siku ya ghala la sabuni, karibu na bandari, nilidhani mama yule amechanganyikiwa. Aliagiza viti vichache kuliko watu. Nikamkumbusha kwamba ghala lina watu wengi. Akasema anajua. Nikamwongezea vingine, akavishusha kwenye mkokoteni yeye mwenyewe.

Jioni Kabwe alirudi anacheka hata kabla hajafika mlangoni.

"Papa Viti, yule mama iko na akili ya paka!"

Kumbe kule ghalani, saa ya chakula, kila kundi lilikuwa na kona yake. Watu wa Congo huku, watu waliotoka milimani kule, Waswahili wa kwetu karibu na bomba kwa sababu ya udhu, na dada mmoja kiziwi, mfungaji wa katoni, alikula peke yake juu ya katoni. Bosi alitaka wafundishwe kupendana. Mama Semina akawaambia tu wakae. Viti havikutosha. Akasema hakuna kusimama na hakuna kukaa chini, kila kiti kikaliwe na wawili, na wasiwe wa kona moja.

"Sasa wanaume wazima," Kabwe alisema, "nusu tako huku, nusu tako kule, wanashikana mabega wasianguke. Mumoja wa milimani alikuwa anamwambiaka kila siku mwenzake wa Congo arudi kwao. Yule mama akamuambia: haya, mwambie sasa arudi kwao. Akanyamaza! Yule akiondoka, yee anaanguka!"

"Na bosi?"

"Bosi alipewa kiti na yule dada kiziwi. Dada ndiye alimushika."

Kiti kimoja kilirudi kimepasuka mguu. Nilitaka kulalamika, lakini alipokuja mwenyewe kuomba radhi alikishika kile kiti akakigeuzageuza, akasema: "Angalia, Papa Viti. Kiti kikivunjika watu wanauliza nani amekikalia vibaya. Bibi wa mutu akivunjika wanamuuliza yee mwenyewe." Nikasahau lalamiko langu lilikuwa nini. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinilipa fidia.

Msidhani alikuwa malaika. Alifundisha watu uvumilivu, na yeye foleni hakuiweza hata ya mkate. Aliwaambia wazazi wasiwafokee watoto, halafu alfajiri sisi majirani wote tuliamshwa na namna alivyowatukana kuku wake, jogoo hasa, ambaye alimwita kwa majina ya wanaume. Alisema kila mwanadamu ana kipaji, lakini Kabwe alipoanza kuimba huku akisukuma mkokoteni, alimwambia wazi kwamba kipaji chake ni kusukuma. Na alikuwa na tabia ya kunywa soda ya mtu. Ukiweka chupa yako chini ukageuka, imekwisha.

Halafu kuna lile la usingizi, ambalo mpaka leo sijapata jibu lake.

Aliitwa kwenye shule moja, darasa la vijana waliokuwa wamemtoa machozi kila mtu aliyekuja kuwanasihi. Wavuta bangi, watoro, mabinti wanaolala kwa shangazi kwa sababu ya baba wa kambo. Mama Semina akaingia, akakaa kwenye kiti changu mbele yao, akawaambia, "Nasikia watu wakubwa hawawasikilizake. Haya, mi minasikia." Akakumbatia mkoba wake. Vijana wakacheka, wakapiga kelele, wakangoja akasirike. Baadaye mmoja akasema, "Eh, yule mama amelala!" Na kweli, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi.

Kabwe aliyekuwa dirishani anaapa kwamba kelele zilikufa. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini wasimwamshe, na kwa sababu ya ile sauti ya chini wakaanza kuambiana mambo ambayo hayasemwi kwa sauti ya juu. Nani anapigwa kwao, nani amefikiria kujitupa ziwani. Mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Nilimuuliza: "Mama, ulilala kweli?"

"We unaonaje?"

"Kabwe anasema ulikoroma."

"Basi nililala."

Lakini wiki iliyofuata nilisikia amemfuata shangazi wa binti mmoja na kumwomba akae na yule mtoto hadi amalize shule. Binti yupi, na alijuaje, kama alikuwa amelala? Nilimuuliza tena. Akaanza habari za kuku.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza, maana mtu wa kukaa nyumbani kazi yake nyingine ni ipi? Na swali kubwa lilikuwa hili: yeye mwenyewe alipigwa na nani? Katika mikutano ya wanawake alikuwa akisimulia maisha yake. Kabwe aliniletea hadithi hizo moja baada ya nyingine, na hazikulingana. Mara mume alikuwa dereva wa lori, mara mwalimu, mara mtu wa dini anayeheshimiwa. Mara alimpiga kwa mkanda, mara alimfungia nje kwenye mvua na mimba ya miezi saba. Nikapiga hesabu ya waume nikaona mama huyu angepaswa kuwa na miaka mia na hamsini.

Wakati huo nilikuwa na sababu ya kutaka kujua ukweli wake. Sababu hiyo ilikuwa mdogo wangu, Zuwena.

Wazazi wetu wametangulia, kwa hiyo Zuwena nilimwoza mimi. Mahari nilipokea mimi. Alimpata fundi wa injini za boti kule Ruziba, kijana mpole, anayesalimia kwa mikono miwili. Mwaka wa pili Zuwena akaanza kuja kututembelea na mikono mirefu ya gauni katika joto la Bujumbura, joto ambalo hata mbuzi wanatafuta ukuta wenye kivuli. Alisema ameanguka bafuni. Alisema mlango. Siku moja nilifungua redio ili tusikie habari, akaruka kama aliyeguswa na moto. Nikaizima. Ndipo akaniambia: mumewe, kabla ya kumpiga, alikuwa anaongeza kwanza sauti ya redio, ili majirani wasisikie.

Wazee wa ukoo nilipowatumia salamu walijibu neno moja, avumilie. Na mimi? Mimi nilikaa kibarazani. Nilimwambia Zuwena asirudi Ruziba, akasema akibaki bila neno la wakubwa ataitwa mke aliyetoroka, na mumewe atakuja kumchukua mbele ya watu, nami nitampa. Alinijua, yule mtoto.

Siku hiyohiyo Mama Semina alikuja kuagiza viti. Alimkuta Zuwena akimenya vitunguu, akautazama ule mkono mrefu wa gauni, akakaa, akaanza kumenya naye. Sikusikia walichosema. Nilijipitisha pale mara nyingi nikitafuta ufagio. Mwishowe Zuwena akaondoka kurudi kwa mumewe, na mimi nikamgeukia mama yule kwa hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani.

"Umemwambia nini? Avumilie?"

"Kuvumilia ni dawa," alisema. "Na dawa iko na kipimo. Yee amekunywa chupa yote."

"Sasa mbona amerudi?"

"Kwa sababu we haujaenda kumuomba."

Nikamwambia sielewi. Akanifafanulia taratibu, kama anavyofafanuliwa mtoto mgeni wa chekechea. Yule bwana alimpataje Zuwena? Alikuja na wazee wake, wakakaa, wakaomba kwa adabu, wakapewa. Basi anayetaka kumrudisha na afanye vivyo hivyo. Aende mchana, na wazee, na soda, avae vizuri, akae, aombe. Posa ya kurudi.

"Posa ya kurudi haipo," nikasema. "Sijawahi kuisikia."

"Hata hiyo ingine ilikuwa haipo, mpaka mutu wa kwanza alipoenda kuomba."

"Basi nenda wewe, Mama. Unajua kusema."

"Mi si damu yake. We uliyempa, we ndiye unaomba. Na upeleke viti vyako. Kiti cha watu wanaweza kukunyanganya. Chako, nani atakunyanyua?"

Sikulala vizuri hata mchana, na mchana ndio wakati ninaolala vizuri zaidi. Siku ilipofika Kabwe alitangulia na mkokoteni: viti, makreti ya soda, mkeka. Sisi tukafuata: mimi, amu yangu mmoja niliyemshawishi kwa kumwahidi soda, na Mama Semina na mkoba wake. Tulipofika Ruziba nikatazama miguu yangu nikakuta nimevaa kandambili mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kahawia, zote za mguu wa kushoto.

Kabwe akapanga viti uwanjani mbele ya nyumba. Sasa, ninyi mnajua watu wetu. Ukipanga viti vya kijani katika safu na kreti za Fanta pembeni, hawakuulizi kuna nini. Jirani wa kwanza alichungulia akarudi ndani kubadilisha nguo. Wa pili akaja na wifi zake. Mmoja akapiga vigelegele. Nikasikia wakiambiana kwamba fundi anaongeza mke wa pili, wengine wakisema hapana, ni mdogo wake ndiye anaoa. Kabla sijafungua mdomo, viti vyote vilikuwa vimejaa watu waliovaa vizuri, wanangoja soda. Nilimwangalia Mama Semina. Alikuwa anaangalia ziwa.

Shemeji akatoka nyuma ya nyumba na spana mkononi, akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwenye zile salamu za mikono miwili. Akaona umati. Akaona vigelegele. Akaiweka spana chini polepole. Baba yake, mzee wa watu, akaletwa na kukalishwa mbele, naye kwa mazoea ya maisha yake yote akasema maneno ambayo hapo husemwa:

"Karibuni, wageni. Mumekuja na neno gani?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima, yenye ua na bustani na mtunza bustani. Ikapotea yote. Nikabaki na kandambili zangu.

"Baba," nikasema, "mlikuja kwangu mkakaa kwenye viti hivi hivi. Mkaniomba mtoto, nikawapa. Leo nimekuja na viti vile vile. Mtoto anapigwa. Naomba arudi."

Nikakaa. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa nje ya Buyenzi.

Wifi mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani bibi arusi ni nani?" Akanyamazishwa. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Unamupigaka?"

Shemeji akatazama umati. Majirani nao wakatazama chini, na kwa namna walivyotazama chini nikaelewa kwamba redio haikuwahi kumdanganya mtu.

"Baba, ni mambo ya nyumbani..."

"Nimekuuliza."

Shemeji akaitazama spana pale chini. Mzee akapapasa ukingo wa kiti. Sasa kwetu, katika posa, kuna pale msichana anapoitwa mbele ya watu aulizwe kama wazee wanywe kile walicholeta wageni. Akikubali, wanakunywa, na neno limekwisha. Mzee akaagiza Zuwena aitwe. Akatoka na gauni lake la mikono mirefu, akasimama mlangoni, na mimi nikaona kwamba kila kitu sasa kiko juu ya mtoto huyu aliyesema mumewe akija kumchukua nitampa tu.

"Binti," mzee akasema, "talaka ni mambo ya shehe, mutaenda kwake. Leo mi najibu wageni. Soda hii ya kaka yako, tuinywe?"

Zuwena akanitazama. Kisha akatazama miguu yangu, na nikaona mdomo wake unataka kucheka.

"Muinywe, Baba," akasema.

Watu wakanywa. Hata waliokuja kwa ajili ya mke wa pili wakanywa. Mama Semina alikunywa ya amu yangu.

Nilionana naye mara ya mwisho miezi kadhaa baadaye. Alikuwa anahamia Gitega, wanawake wa huko walimwita, na kabla ya kuondoka akawa na mkutano mmoja katika ukumbi wa hapa mjini. Viti nilivipeleka mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe, Kabwe alisukuma, mimi nilitembea pembeni nikitoa maelekezo yasiyohitajika. Zuwena alikuja nami. Tukakaa safu ya nyuma, na tukalazimika kusogea.

Akaanza kusimulia maisha yake. Safari hii mume alikuwa mshonaji. Mtu mpole, anayesalimia vizuri. Na kila alipotaka kumpiga, alianza kwa kuongeza sauti ya redio.

Mkono wa Zuwena ukashika ukingo wa kiti. Nikakumbuka wale waume wote, dereva, mwalimu, mtu wa dini, na mimba ile kwenye mvua. Nikafikiria nyumba ngapi za mji huu zina mwanamke aliyemenya naye vitunguu, ambaye bado yumo humo ndani na hawezi kusema "mimi", basi mama huyu anamsemea "mimi" mbele ya watu, na hakuna anayegeuka kumtazama mwenye hadithi. Kama na ya kwake imo katikati, sijui. Hakuniambia, na kuku nao sasa wamekwenda Gitega.

"Nilikuwa na kaka," aliendelea kwa ile sauti ya kukwaruza, "mutu wa kukaa nyumbani, mwoga, mwoga sana. Siku aliyokuja kuniomba, alivaa kandambili mbili za mguu wa kushoto."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilitazama dari. Mwanamke aliyekaa karibu na Zuwena, aliyevaa vizuri sana, na kitambaa cha hariri kilichofungwa juu shingoni, alipangusa macho.

"Maskini mama wa watu," akamnong'oneza Zuwena. "Na huyo kaka yake, sasa iko wapi?"

"Iko nyumbani tu," Zuwena akajibu bila kunitazama. "Hatokake."

Mkutano ulipokwisha, watu wakatoka. Kabwe akaanza kubeba viti. Mama Semina alikuwa mlangoni amezungukwa, mkononi ana chupa ambayo naamini ilikuwa yangu. Yule mwanamke wa hariri hakutoka. Alishika kiti chake kama anayenisaidia kukipanga juu ya vingine, akakigeuza, akaliona doa jekundu chini, akaligusa kwa kidole.

"Ni vyako hivi?"

"Ni vyangu."

Akatazama kama kuna mtu karibu. Kitambaa kilikuwa kimeteleza kidogo shingoni, akakirudisha.

"Munavipelekaka hata Kigobe?"

Nilitazama mlangoni kumtafuta Mama Semina anijibie, maana ndiye mwenye kusema. Alikuwa ameshaniona. Aliinua ile chupa, akanywa, akageuka kuongea na wengine.

"Tunavipeleka," nikamwambia. "Una kaka?"

"Niko naye. Lakini hatokake."

"Nionyeshe anapokaa," nikasema. "Tutaanza na yeye."

Nikatazama miguu yangu, kuhakikisha.